Mighani Inapogeuka Filamu: Jinsi ya Kupima Kusadikika Kwake

Katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili (102/3), maneno kama "tathmini", "jadili ukweli wa kauli hii" na "thibitisha" huwatisha watahiniwa wengi. Mtahiniwa aliyezoea kutaja sifa tano za mighani na kuendelea na swali linalofuata hukwama anapotakiwa kutoa uamuzi na kuutetea. Ataandika kwamba kisa "hakiwezekani", kisha akose la kuongeza. Mwingine ataandika kwamba kisa "ni cha kweli kwa sababu kilitokea", naye pia aishie hapo. Wote wawili hupoteza alama kwa sababu hawajajibu swali waliloulizwa.

Makala haya yanakufundisha kupima kusadikika kwa kisa hatua kwa hatua. Mfano mkuu tutakaoutumia ni filamu The Ghost and the Darkness ya mwaka wa 1996, iliyotokana na kisa cha simba wawili wala watu wa Tsavo. Filamu hii haimo katika orodha ya vitabu teule. Tumeichagua kwa sababu tatu. Kwanza, kisa chenyewe ni cha Kenya. Pili, pana kumbukumbu za maandishi na ushahidi wa kisayansi tunaoweza kuulinganisha na filamu, jambo ambalo ni gumu kwa Fumo Liyongo au Araweelo. Tatu, wewe unayesoma Garissa, Wajir au Mandera una ujuzi ambao watazamaji wengi wa filamu hiyo hawana. Unajua boma la miiba linavyojengwa, unajua ukame unavyowasukuma wanyama wakali karibu na makazi ya watu, na huenda umewasikia wazee wakieleza usiku ambao simba au fisi aliingia zizini. Ujuzi huo ni ushahidi, na mtahini huupa uzito unapoutumia vizuri.

MANENO MATATU YASIYOFAA KUCHANGANYWA

Kabla ya kupima chochote, tofautisha maswali haya matatu.

Kutokea. Hili ni swali la mwanahistoria: je, tukio lilitukia kweli? Jibu lake hutafutwa katika barua, picha, mifupa, tarehe na mashahidi.

Kuaminiwa. Hili ni swali la jamii: je, wasimulizi na wasikilizaji wanalichukulia tukio kuwa kweli? Jibu hutafutwa katika mila, majina ya mahali, viapo na desturi.

Kusadikika. Hili ndilo swali la fasihi: je, ndani ya ulimwengu wa kisa, mambo yanafuatana kwa sababu na matokeo kiasi kwamba msomaji au mtazamaji anakubali kuyafuata?

Mtazame Fumo Liyongo. Wataalamu hawakubaliani aliishi karne gani. Hilo ni suala la kutokea. Watu wa Pate na wa Kipini, pale mto Tana unapoingia baharini baada ya kupita Garissa, wamemsimulia kama mtu wao kwa vizazi vingi. Hilo ni suala la kuaminiwa. Sasa fikiria mwili wake usiodhurika ila kwa sindano ya shaba ya kitovuni. Hakuna daktari atakayekubali jambo hilo, lakini ndani ya mighani linasadikika. Kanuni imetajwa wazi, haivunjwi hata mara moja, na anayeifichua siri ni mwanawe mwenyewe aliyeponzwa na tamaa. Tamaa inayomfanya mtoto amsaliti mzazi tunaielewa sote. Kwa hiyo tunakubali sindano kwa sababu tumemkubali msaliti.

Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle aliligusia jambo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita alipowahimiza watunzi wajali zaidi kusadikika kuliko kuwezekana. Weka kanuni hii akilini: lililotokea huenda lisisadikike, na linalosadikika huenda halikutokea.

MIGHANI AU NGANO?

Mighani ni masimulizi ya kijadi kuhusu mashujaa na matukio makuu ambayo jamii inayachukulia kuwa sehemu ya historia yake. Huwa na kiini cha kihistoria, hutajwa mahali panapojulikana, hutumia chuku, na mara nyingi huwa na nguvu zisizo za kawaida.

Mwanafunzi wa Kisomali anaweza kuiona tofauti ya mighani na ngano katika visa viwili vya nyumbani. Dhegdheer, mwanamke mla watu mwenye sikio refu, ni mhusika wa ngano ya mazimwi. Hutumiwa kuwaonya watoto, wala hakuna anayeuliza alitawala lini. Araweelo, malkia anayesimuliwa kuwa aliwahasi wanaume ili wasimpinge, ni mhusika wa mighani. Watu husimulia enzi yake kama enzi iliyokuwapo na huonyesha kaburi lake. Anayekutungia filamu ya Dhegdheer hakuahidi ukweli. Anayekutungia filamu ya Araweelo anagusa jambo ambalo watu wanaliona kuwa la ukoo wao, kwa hiyo mzani wake ni mkali zaidi.

KISA CHA TSAVO NA JINSI KILIVYOGEUKA MIGHANI

Mwezi wa Machi 1898, mhandisi John Henry Patterson alifika Tsavo kusimamia ujenzi wa daraja la Reli ya Uganda. Wengi wa vibarua walikuwa wametolewa India. Muda si muda simba wawili madume wakaanza kuingia kambini usiku na kuwaburuta watu kutoka katika mahema. Mmoja wa waliouawa alikuwa jemadari Ungan Singh. Maboma ya miiba yalijengwa, mioto ikawashwa usiku kucha, debe zikagongwa, lakini simba waliendelea kuja. Kufikia Desemba mamia ya vibarua walilala relini ili kusimamisha treni, wakaipanda na kukimbia, na kazi ya daraja ikakwama kwa takriban wiki tatu. Patterson alimuua simba wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29 Desemba 1898. Daraja lilikamilika mwaka uliofuata.

Sasa angalia jinsi kisa hiki kilivyovikwa sifa za mighani.

Nguvu zisizo za kawaida: Patterson aliandika kwamba vibarua waliamini hao hawakuwa simba wa kawaida. Walisema ni roho za machifu wawili wa zamani waliokasirishwa na reli kupita katika nchi yao.

Chuku: katika kitabu chake cha mwaka wa 1907, The Man-Eaters of Tsavo, Patterson alitaja Wahindi 28 waliouawa, pamoja na Waafrika ambao, kwa maelezo yake, hawakuwekewa kumbukumbu rasmi. Miaka mingi baadaye alitaja watu 135. Mwaka wa 2009 wanasayansi walipima kemikali katika manyoya na mifupa ya simba hao na kukadiria kuwa walikula watu wapatao 35. Kadiri kisa kilivyosimuliwa ndivyo idadi ya wafu ilivyoongezeka.

Shujaa: mhandisi mmoja akawa ndiye aliyeikomboa reli.

Kumbukumbu ya kudumu: mwaka wa 1924 Patterson aliiuzia Field Museum ya Chicago ngozi na mafuvu ya simba hao kwa dola 5,000, na simba hao bado wanaonyeshwa huko hadi leo.

Usipite haraka kwenye neno "hawakuwekewa kumbukumbu". Watu walikufa na hakuna aliyewaandika majina. Pengo kama hilo la historia ndilo chuku huingilia. Hii ndiyo sababu kupima kusadikika si mchezo wa mtihani tu. Anayekubali kila kinachoonyeshwa huishia kuwajua simba na mwindaji, asijue kwamba waliokufa walikuwa na majina.

HATUA NNE ZA KUIPIMA FILAMU

Filamu ya 1996 iliongozwa na Stephen Hopkins na kuandikwa na William Goldman. Val Kilmer aliigiza Patterson, Michael Douglas akaigiza mwindaji Mmarekani aitwaye Remington, na John Kani wa Afrika Kusini akaigiza Samuel, ambaye pia ndiye msimulizi. Sehemu kubwa ya upigaji picha ilifanyika Afrika Kusini.

Hatua ya 1: Tenganisha kiini na nyongeza

Andika safu mbili. Katika safu ya kwanza weka yaliyomo katika kumbukumbu: daraja, simba wawili, maboma ya miiba, mtego, hofu ya vibarua na kukimbia kwao. Katika safu ya pili weka yaliyoongezwa au kugeuzwa.

Remington hakuwapo. Ni mhusika wa kubuni. Simba wa filamu wana manyoya marefu shingoni, ilhali wale wa Tsavo hawakuwa nayo. Katika kitabu, kifo cha mtu shupavu aliyeburutwa kutoka hemani ni cha Ungan Singh. Katika filamu kifo cha namna hiyo kimepewa Mahina, ilhali Mahina wa kitabuni alikuwa mbeba bunduki wa Patterson na bado alikuwa hai siku simba wa pili alipouawa. Katika kitabu simba alivamia hema la hospitali, akajeruhi na kuua, na baadaye akamchukua mchota maji. Filamu imekuza tukio hilo likawa mauaji ya halaiki.

Kumbuka kwamba nyongeza yenyewe si kosa. Mtunzi ana haki ya kubuni. Safu hizi mbili zinakusaidia tu kujua unachopima.

Hatua ya 2: Tafuta ahadi ya kisa

Kila kisa huweka mkataba na mtazamaji mwanzoni. "Paukwa!" "Pakawa!" ni mkataba: sote tunajua tunaingia katika ngano. Filamu hii inaanza kwa Samuel kutuambia kwamba haya ni ya kweli, hata yale yanayoonekana hayawezekani. Huo ni mkataba mzito. Imejifunga kwa mzani wa historia, na papo hapo inataka kuazima utisho wa mighani kwa kuwafanya watu wawaite simba hao majina ya kizuka na giza.

Je, inatimiza ahadi yake? Kwa kiasi. Kuhusu asili ya simba, filamu haivunji kanuni yake: vibarua wanaamini ni mashetani, Patterson haamini, na mwishowe simba wanakufa kwa risasi kama wanyama wengine. Mtazamaji ameachiwa shaka bila kudanganywa. Kuhusu wahusika, ahadi imevunjwa, kwa sababu anayeambiwa kisa ni cha kweli ataondoka akiamini kwamba Remington aliishi na kufia Tsavo. Jibu lenye alama nyingi hutaja pande zote mbili.

Hatua ya 3: Chunguza sababu, matokeo na sadfa

Hapa ndipo penye hoja nyingi zaidi, basi twende taratibu.

Tazama mtego. Behewa limegawanywa kwa vyuma. Upande mmoja wamekaa watu wenye bunduki, upande wa pili uko wazi kwa simba. Simba anaingia na mlango unafungika. Watu wanapiga risasi kutoka hatua chache tu, wanamkosa, na simba anatoroka. Wanafunzi wengi wakiona tukio hili husema, "Haiwezekani!" Lakini limo katika kumbukumbu za Patterson. Je, tuseme basi linasadikika kwa kuwa lilitokea? Hapana. Linasadikika kwa sababu filamu imelitayarisha: usiku mwingi umepita bila watu kulala, wengine wameshakufa, na wapigaji wamefungiwa gizani pamoja na kitu ambacho wamesikia kwamba si mnyama. Mkono wa mtu wa namna hiyo hutetemeka. Sababu imetangulia, matokeo yakafuata.

Tazama bunduki. Patterson anaazima bunduki yenye nguvu zaidi, na simba anapojitokeza bunduki inakataa kulia. Hili nalo limo kitabuni. Ni sadfa, lakini ni sadfa inayomwongezea shujaa matatizo. Watazamaji huisamehe sadfa inayomtia mhusika taabani kuliko ile inayomwokoa.

Tazama bundi. Patterson akiwa juu ya ulingo usiku, anavizia, bundi anamgonga kichwani. Kitabuni alinusurika kuanguka, filamuni anaanguka. Mtazamaji wa jamii nyingi za Kenya, anayemjua bundi kuwa ndege wa nuksi, huona ishara pale ambapo mwingine huona ajali tu. Hapa kusadikika kunategemea pia utamaduni wa mtazamaji.

Sasa tumia ujuzi wa mfugaji. Boma la miiba lililoshonwa vizuri humzuia simba mara nyingi. Mara nyingi mnyama mkali hunguruma au kuzunguka nje hadi mifugo ishtuke na kulivunja boma kutoka ndani. Watu waliolala hemani hawalivunji boma namna hiyo. Kwa hiyo, filamu ikionyesha simba akiingia kwa urahisi, una haki ya kuuliza: boma lilikuwa dhaifu wapi? Nani aliacha mlango? Kwa upande mwingine, mfugaji anajua kwamba simba akishaingia zizini anaweza kuua mbuzi wengi kuliko awezavyo kula. Wazo la simba kuua wengi kwa mpigo si geni kwake. Ujuzi uleule unaweza kuitetea filamu mahali fulani na kuipinga mahali pengine, na hivyo ndivyo ushahidi mzuri unavyofanya kazi.

Mwisho, uliza kwa nini simba hao walikula watu. Filamu inatuelekeza kwenye uovu: wanaua kwa sababu wanapenda kuua. Historia na sayansi zina majibu yenye mizizi. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulikuwa umeangamiza ng'ombe, nyati na wanyama wengine wengi wa Afrika Mashariki. Mmoja wa simba hao alikuwa na jino chonge lililovunjika na usaha kwenye mzizi wake, jambo linaloweza kuwa lilimzuia kuwakamata wanyama wenye nguvu. Mfugaji aliyeona ukame unavyobadilisha tabia za wanyama atazielewa sababu hizi mara moja. Filamu imeziacha sababu zinazosadikika na kuchukua ile inayotisha. Hiyo ni hoja kamili ya alama mbili.

Hatua ya 4: Uliza ni nani shujaa, na kwa macho ya nani

Mwamba ngozi huvutia kwake. Kitabu kiliandikwa na Patterson, na Patterson ndiye shujaa wa kitabu. Filamu ilitengenezwa Marekani, na Mmarekani akaongezwa. Samuel amepewa sauti ya kusimulia, lakini ushindi si wake. Vibarua wa Kihindi na Waafrika wanaonekana zaidi kama umati unaoogopa, unaogoma na unaokimbia.

Rudi sasa kwenye imani kwamba simba walikuwa roho za machifu waliopinga reli. Ukiisimulia mighani kwa mtazamo huo, shujaa hawi mhandisi tena. Simba wanakuwa watetezi wa ardhi, na reli ndiyo inayokuwa adui. Filamu imeichukua imani hiyo kama pambo la kutisha bila kuuliza ilimaanisha nini kwa walioiamini. Kumbuka pia kwamba imani yenyewe imetufikia kupitia kalamu ya Patterson. Mtahiniwa anayeliona hilo ameonyesha uhakiki wa kiwango cha juu.

SWALI LA MFANO NA JIBU LAKE

Swali: Kikundi cha wanafunzi wa Garissa kinakusudia kutengeneza filamu kuhusu mighani ya Araweelo. Fafanua mambo matano watakayozingatia ili filamu isadikike. (alama 10)

Jibu:

(i) Kuhifadhi kiini cha mighani. Araweelo abaki kuwa malkia mwenye akili aliyewatawala wanaume na kuwahasi ili wasimpindue. Akigeuzwa kuwa zimwi lenye pembe, filamu itakuwa imehama kutoka mighani hadi ngano, na jamii haitamtambua. (alama 2)

(ii) Kuonyesha chanzo cha matendo. Ukatili wake uwe na sababu inayotangulia, kwa mfano hofu ya kupokonywa mamlaka. Mhusika mwenye sababu ni mviringo na husadikika kuliko mhusika bapa aliye mwovu tu. (alama 2)

(iii) Kutayarisha anguko lake. Husimuliwa kwamba binti yake alimwomba amwache mtoto wake wa kiume hadi akue kidogo, tena kidogo, na mjukuu huyo ndiye aliyemuua bibi yake. Filamu ionyeshe huruma hiyo mapema na kuirudia ili kifo kisiwe sadfa, bali kinaya: aliyewashinda wanaume wote aliangushwa na mapenzi yake kwa binti. (alama 2)

(iv) Kuzingatia mandhari na utamaduni. Makazi, ngamia, visima, mavazi na lugha vilingane na maisha ya wafugaji wa zamani. Simu au shuka la kiwandani likionekana, mtazamaji atatoka nje ya kisa. (alama 2)

(v) Kusawazisha mitazamo. Katika desturi zinazosimuliwa, wanaume hurusha mawe kwenye kaburi lake, nao wanawake huweka tawi bichi. Filamu inayoonyesha mtazamo wa upande mmoja tu itasadikiwa na nusu ya watazamaji. (alama 2)

Angalia jinsi kila hoja ilivyojengwa: jina la hoja, mfano kutoka katika mighani, kisha uhusiano wake na kusadikika. Bila sehemu ya tatu, mtahiniwa hupata alama moja badala ya mbili.

MAKOSA YANAYOWAGHARIMU WATAHINIWA

1. Kusimulia kisa chote. Mtahini anakijua. Taja tukio kwa sentensi moja, kisha ulipime.

2. Kuandika "haisadikiki kwa sababu ni uongo". Fasihi yote ya kubuni haikutokea. Onyesha mahali ambapo sababu haikuzaa matokeo, au kanuni ya kisa ilipovunjwa.

3. Kuandika "inasadikika kwa sababu imesemwa ni kisa cha kweli". Maneno hayo huwekwa kwenye filamu ili kuvutia watazamaji. Lisemwalo lipo, lakini si lazima liwe kama lilivyosemwa.

4. Kutumia neno "uhalisi" kwa maana zote. Sema wazi kama unazungumzia ukweli wa historia, imani ya jamii au mantiki ya kisa.

5. Kutoa uamuzi wa upande mmoja panapotakiwa kujadili. Swali la "jadili" huhitaji hoja za kukubali na za kupinga, kisha hitimisho lako.

KUTUMIA STADI HII KATIKA VITABU TEULE

Hatua hizi nne hazikomei kwenye filamu. Unaposoma Nguu za Jadi ya Clara Momanyi au Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, huhitaji safu ya kumbukumbu za historia, lakini hatua ya pili, ya tatu na ya nne zinabaki palepale. Je, mwandishi ametuahidi nini mwanzoni? Je, mabadiliko ya mhusika yametayarishwa au yamezuka tu? Je, sadfa inamtia mhusika taabani au inamwokoa mwandishi aliyeishiwa na njia? Je, kisa kinaonekana kwa macho ya nani, na nani amenyamazishwa? Weka maswali haya pembeni mwa daftari lako, na kila sura au onyesho ukilimaliza, lijibu moja angalau.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Eleza tofauti tatu kati ya mighani na ngano ya mazimwi, ukitolea mifano kutoka katika jamii yako. (alama 6)

2. "Sindano ya shaba katika mighani ya Fumo Liyongo haiwezekani lakini inasadikika." Thibitisha. (alama 6)

3. Mtengenezaji filamu amemwongeza mhusika wa kubuni katika mighani inayojulikana. Eleza faida mbili na hasara mbili za uamuzi huo. (alama 8)

4. Mwombe mzee wa mtaani au wa kijijini kwenu akusimulie tukio moja la zamani kuhusu mnyama mkali. Liandike kwa aya moja, kisha utenge yanayoweza kuthibitishwa, yanayoaminiwa na jamii, na yaliyokuzwa kwa chuku. (alama 10)

5. Lisimulie upya, kwa ukurasa mmoja, tukio la mtego wa behewa la Tsavo kwa sauti ya mmoja wa vibarua waliokuwa ndani. Kisha eleza jinsi kubadilika kwa msimulizi kulivyobadilisha shujaa wa kisa. (alama 10)